Nimempambia Mama Silingi ya Jiko, Sasa Kifua Chake Hakitulii

Mpendwa bibi mshauri, naomba msaada, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, maana mimi ni mtu wa watu, nikipita mtaani naitwa kila kona, haitapendeza nije kuchekwa na bibi ambaye hata picha yake gazetini ni ya kuchorwa.

Mimi ni fundi wa silingi. Siyo yule wa kushikilia ngazi, fundi mwenyewe. Shule niliiacha njiani, na sababu ni kwamba walimu walikuwa wanaandika ubaoni na mimi nilikuwa naangalia juu, naona mbao zilivyopinda na bodi zilivyoshuka, mwalimu akawa anasema huyu ameduwaa, kumbe mwenzake nasoma, ila nasoma somo ambalo yeye halifundishi. Leo ukiniingiza kwenye chumba cha mabati ya kutu na utando wa buibui, nikitoka humo unakuta dari nyeupe imenyooka, pembeni nimezungusha maua ya jasi, katikati nimeacha duara la taa, na mwenye nyumba anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ndiyo maana wananiita Mbingu. Sikujiita mwenyewe, ila sijawahi kukataa.

Sasa bibi, nilipokwisha kuwa Mbingu wa watu wote nikajiona mjinga, nawapamba wageni na mama yangu mzazi anapika chini ya bati tupu. Mama anawapikia mafundi wa karakana za jirani chakula cha mchana, ndiyo kazi iliyotulea mimi na dada yangu, na jiko lake ni chumba cha nyuma cha nyumba hiyo hiyo tunayolala, ukitoka sebuleni unapita ukumbi mfupi unaingia, mna jiko kubwa la mkaa na mafiga ya kuni kwa masufuria mazito, dirisha moja dogo, na juu kabisa ya ukuta kulikuwa na safu ya matundu ya hewa, halafu kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono, moshi ulikuwa unapanda unajiondokea humo bila kumuaga mtu.

Mimi yale matundu nilikuwa nayaita mlango wa mende, maana nilichokuwa naona kinapita pale ni mende, vumbi na matone ya mvua, na katika kazi yetu, bibi, silingi yenye uwazi si silingi, ni chujio, fundi anayejiheshimu anaziba. Basi nikaziba. Matundu nikayapiga saruji na kulainisha kwa puti hadi ukipapasa ukuta hujui yalikuwa wapi, nikashusha bodi, ule uwazi wa bati ukabaki huko juu peke yake, nikazungusha maua, nikapiga rangi ya mafuta nyeupe ya kung'aa. Sifa nijipe mwenyewe, pale nilifika. Nimefanya kazi kwenye nyumba za watu wenye mageti ya umeme lakini silingi nzuri kuliko zote nilizowahi kupachika iko juu ya sufuria la maharage la mama yangu.

Mama alipoingia alisimama mlangoni akanyamaza, na mama yangu kunyamaza ni habari ya kutangazwa. Halafu akavuta kigoda akakaa, akaangalia juu kama mtu anayesubiri ndege ipite, akasema, "Maisha yangu yote kila kitu nimekiomba, na vingine nikaomba mpaka nikachoka. Hiki sikukiomba." Kisha akaenda kuwaita majirani, na tangu siku ile mtu akija kuazima hata chumvi anapitishwa jikoni kwanza, anainuliwa kidevu.

Shida ilianza kwa doa. Juu ya mafiga paliota kitu cha rangi ya chai ya maziwa, nikasema labda bodi imenyonya maji, baada ya muda ikawa chai ya rangi, na kwa kuwa mimi wateja wangu wapya huwaleta kwa mama waone kazi, nikapanda ngazi nikapaka upya. Mama akafurahi, akawaambia watu mwanangu haachi kazi yake ichakae. Doa likarudi. Nikapaka. Likarudi na wenzake, likafika kwenye maua. Siku hizi sisubiri hata lionekane, naja na kopo na brashi nikiwa na nafasi, napaka huku mama anapika, nyumba nzima inanuka rangi mpya, na mama anaipenda ile harufu, anasema ni harufu ya maendeleo.

Ila bibi, mama anakohoa. Zamani alikuwa akikohoa kidogo wakati wa kuwasha moto, jambo la kawaida, nani asiyekohoa akiwasha moto, lakini sasa anakohoa akiwa amekaa sebuleni, anakohoa akiongea na simu, macho mekundu kama katoka msibani, na kichwa kinamgonga kila akimaliza kupika. Siku moja nilimkuta jikoni ameketi juu ya gunia la mkaa, dirisha limefungwa, ananiambia ngoja kwanza, sakafu inatembea. Nikamshika nikamtoa uani, akakaa pale akipigwa na hewa mpaka akarudi sawa, akasema, "Ni umri huo, usinitazame hivyo." Na moshi, bibi, hata haukuwepo, maana ulikuwa ni mkaa umeshashika mwekundu, mkaa mzuri mkavu, hakuna hata uzi wa moshi, ndiyo maana na mimi nikakubali kwamba ni umri. Hizo kuni zenyewe hazina shida kwa sababu mimi humletea mabaki kutoka kazini, vipande vya mbao na bodi za kiwandani, vingine vimeshapakwa rangi, vinashika moto mara moja, hahangaiki kupuliza.

Halafu kuna Bosi. Bosi ni binti wa dada yangu, mpwa wangu, hajaanza hata kutembea lakini tunamwita hivyo kwa sababu anakaa juu ya mgongo wa bibi yake na kutoa amri. Dada ni mshonaji, akienda kwenye cherehani asubuhi anamwacha kwa mama, na mama anapika chakula cha watu wote mtoto akiwa mgongoni. Sasa Bosi ameanza kupumua kwa mluzi. Ukimweka kifuani unasikia kama kuna birika linakaribia kuchemka. Dada na mama wakampeleka zahanati, na haya yaliyotokea huko nimesimuliwa na dada, mimi nilikuwa juu ya ngazi ya watu.

Muuguzi akauliza, "Nyumbani mnapikia wapi?"

Mama akajibu, "Ndani. Tena jiko langu lina silingi."

"Mama, mimi nauliza habari ya moshi."

"Moshi upite wapi," mama akamwambia, "na mwanangu ameziba kila mahali?"

Dada anasema muuguzi aliweka kalamu mezani. Akawaeleza kwamba kifua cha mtoto kimebana, asikae kabisa chumba chenye moto na kwamba lile jiko linahitaji kupitisha hewa. Mama akatoka pale amenuna, njiani akasema kijana yule inaonekana hajawahi kuingia nyumba nzuri, na kwa kuwa alisikia neno kifua akaelewa baridi, akarudi nyumbani na lile dirisha dogo akaliwekea blanketi.

Jioni ile dada alinikuta nakoroga rangi. Dada yangu hana utani akiwa na jambo. Akaniangalia, akaangalia kopo, akasema, "Unapaka tena?"

Nikamwambia, "Dada, msanii hamalizi kazi."

"Silingi unaipaka wewe. Kifua cha mama atakipaka nani?"

Nikajaribu kucheka, hakucheka. Akasema, "Sikiliza, Mbingu wa watu. Uliziba wewe, utazibua wewe. Ukishindwa nitachukua mchi wa kinu nizibue mimi, na mimi unajua sina mkono wa maua." Tangu hapo anamfunga mtoto anaenda naye kwenye cherehani, mtoto analala juu ya vitambaa vya watu, mwenye duka ameanza kunung'unika, zikizidi kelele anamrudisha kwa mama, maana hana pengine. Na mama naye amekasirika, anasema mmeninyang'anya mjukuu kwa maneno ya kijana wa zahanati.

Nikajaribu kwa akili. Nikamwendea mama nikamwambia, "Mama, kwa nini usipikie uani kidogo, upunge hewa, nikujengee kibanda."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Unanitoa jikoni kwangu?"

"Hapana mama, nasema tu kwa joto hili."

"Miaka yote nimepikia kwenye bati hukuniambia nitoke. Leo nimepata pazuri ndiyo unaniambia niende uani kama nimekosa kodi." Halafu akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, pale pale ambapo mimi nilipiga saruji, bibi, kiganja chake kikakaa juu ya mahali palipokuwa na tundu, na mimi niliyajua yale matundu yalipo maana niliyaziba kwa mkono wangu. Nikampa maji nikatoka.

Kwa hiyo jibu la tatizo nalijua, usifikiri mimi ni mbumbumbu. Ninachouliza ni kingine. Kwanza, mama ataniona nampokonya. Pili, kuna mteja, mama mmoja mwenye nyumba kubwa inayojengwa, amesikia sifa zangu na anataka kuja mwisho wa wiki kuangalia jiko la mama ili nimpigie lake vile vile, kazi hiyo ikiingia mkononi mimi ni fundi mwingine kabisa, sasa aje akute silingi imetobolewa kama imelipuliwa? Mafundi wenzangu wataniita Mbingu Inayovuja.

Nimefikiria njia moja, naona ni ya akili, nakuomba uipitishe. Mteja aje kwanza, aone, akubali. Halafu mama akiwa sokoni nitoboe mahali, nimwage vipande vya bodi chini, akirudi nimwambie ni panya. Panya hawana wa kuwatetea. Mama atawalaani panya, mimi nitabaki mwanawe mzuri, hewa itapita, na maisha yataendelea. Unasemaje bibi? Usinitaje, ingawa mama hasomi gazeti lako, anawashia mkaa. Ni mimi kijana wako mtanashati, Mbingu.

BIBI ANAJIBU

Mbingu, mume wangu, uliniomba nisicheke, nimecheka. Kisha nikafika pale mama yako alipoketi juu ya gunia la mkaa, na kicheko kikaisha hapo hapo. Sasa vua kofia yako ya ufundi uweke chini, tuzungumze.

Nianze na lako jema, kwa sababu unalo. Vijana wengi wenye ufundi mkononi nyumba za wazazi wao huzikumbuka siku ya msiba, kwa kuona aibu ya wageni. Wewe ulimkumbuka mama yako akiwa hai na mwiko mkononi. Hilo usilifute, hata baada ya nitakayokwambia.

Unasema shida ilianza kwa doa. Doa lilikuwa kitu pekee humo ndani kilichokuwa kinasema ukweli, na wewe ukalinyamazisha kwa brashi, tena ukarudia. Ule uchafu uliokwama darini ni ule uliokosa pa kwenda. Mwingine ulipata pa kwenda: ulikwenda na pumzi ya mama yako, na ya Bosi. Moshi wa kuni una masizi madogo sana, jicho haliyaoni, yanashuka mpaka chini kabisa ya kifua na hayatoki kwa kukohoa. Kwa mtu mzima yanachokonoa mapafu polepole na moyo pia. Kwa mtoto ambaye mapafu bado yanajengwa ni mabaya zaidi, na huo mluzi uliousikia ni njia ya hewa iliyobana. Halafu juu yake unamwongezea mvuke wa rangi ya mafuta wakati moto unawaka. Harufu ya maendeleo, amesema mama wa watu. Ulimwachia aamini hivyo.

Umeandika pia jambo ambalo nadhani hukujua kwamba unaliandika, umelipitisha kama mtu anayepita na kuku chini ya koti. Unamletea vipande vya bodi na mbao zilizopakwa rangi awashie moto. Mbao hizo zimeshikwa na gundi na dawa. Zikiungua zinatoa sumu ambayo kuni ya kawaida haina. Leo hii uzikusanye zote zitoke jikoni, na usimpelekee tena hata kibanzi.

Na mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaowadanganya watu wazima wenye akili zao. Mnasema umeshashika, umekuwa safi, uingizeni ndani. Mkaa ule unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, hukohoi, macho hayawashi, unaumwa kichwa tu, unaona kizunguzungu, unataka kulala kidogo. Ukilala kwenye chumba kilichofungwa huamki. Sakafu ilipotembea siku ile, kisha ikatulia mama yako alipofika uani, ulikuwa umeshapewa jibu mkononi. Umri hauondoki kwa kukaa uani, Mbingu. Mlikuwa karibu sana na jambo ambalo hata mimi sitaki kuliandika hapa.

Sasa hiyo hila yako ya panya. Nimeisoma nikamwonyesha mwenzangu hapa ofisini, akasema kijana ana kipaji. Kipaji unacho, lakini hiyo hila hebu ifuate mpaka mwisho. Mama anarudi sokoni, anakuta silingi yake imeliwa na panya. Atafanya nini? Mama huyu niliyemsoma mimi? Atalia kidogo, kisha ataziba. Ataweka gunia, ataweka karatasi, atamtafuta fundi mwingine aweke bodi, kisha yeye mama atakuambia kwa furaha, mwanangu usihangaike, nimeshatengeneza. Utatoboa tena? Panya hao hao? Tundu ambalo mama yako hajui kwa nini lipo halitamaliza wiki. Tena dirisha tayari amelitia blanketi, kwa sababu hakuna aliyemweleza ila mgeni wa zahanati, na maneno ya mgeni hayawezi kushindana na kazi ya mwanawe. Wewe ndiye uliyemfanya aamini kwamba kuziba ni kuzuri. Ni wewe tu anayeweza kumtoa kwenye imani hiyo.

Unaogopa ataona unampokonya. Kijana, kiburi kimekufanya usisikie alichosema siku ile kwenye kigoda. Hakusifu maua. Hakusifu rangi. Alisema ni kitu ambacho hakukiomba. Alifurahi kwamba kuna mtu alimfikiria bila kusukumwa. Mfikirie tena, basi, kwa namna ile ile. Kaa naye yeye peke yake, wateja wasiwepo, dada naye asiwepo na mchi wake. Usianze na habari ya joto wala kibanda. Chukua kitambaa cheupe, panda ngazi yako, pangusa sehemu ambayo hujaipaka karibuni, ushuke umpe mkononi. Kisha umwambie, "Mama, hii ndiyo unayovuta. Niliziba mahali pa kupitisha moshi. Nilikosea mimi." Usiongeze mzaha. Najua utasikia kuwashwa ulimi kutafuta neno la kuchekesha, uung'ate. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akinyamaza, usiogope kile kimya, umeshakiona mara moja na kilikuwa na heri ndani yake.

Kazi yenyewe ifanye kama fundi. Usitoboe silingi peke yake ukajiona umemaliza, moshi utapanda juu ya bodi, utembee huko gizani mpaka kwenye vyumba vya kulala na uwashukie usingizini. Fungua yale matundu ya ukuta yote, kwa patasi, hadi uone mwangaza wa nje. Juu ya majiko tafuta fundi wa bati akusaidie kutengeneza kofia ya kukusanya moshi na dohani inayopita silingi na bati, itoke juu ya paa. Dirisha litolewe blanketi na lifunguliwe wakati wote wa kupika, na mlango pia. Hilo likikamilika bado kifua cha mama kinahitaji daktari, na safari hii uende wewe pamoja naye, na swali la jiko ulijibu wewe. Bosi arudishwe kwa yule muuguzi, mkamwambie ukweli wa nyumba yenu bila silingi kuingia katikati. Mtoto asibebwe jikoni moto ukiwaka, hata kukiwa na dohani. Dada yako anamlaza mtoto juu ya vitambaa vya watu kwa sababu nyumbani hapana pa kumwacha. Wakati mama anapika, kuna mjomba mmoja mwenye mabega mapana ambaye anaweza kumbeba. Wateja wakuone hivyo, hutapungua. Na mpaka dohani isimame, chakula cha mafundi kipikwe uani, umjengee hicho kibanda ulichokitaja, chenye paa na bila kuta, na umweleze kwamba ni cha muda na kwa nini.

Kuhusu mteja wako, aje. Usiahirishe. Akute dohani imesimama au akute ngazi na vumbi, vyovyote vile. Umuulize kabla ya kumuuliza maua anayoyapenda: mama, wewe utapikia nini? Gesi, mkaa, kuni? Umwonyeshe moshi utatokea wapi kabla ya kumwonyesha silingi itakaa wapi. Akikuacha akatafuta fundi wa kuziba, muombee afya njema. Mimi nadhani hatakuacha, lakini hata akikuacha, jiko lake halitakuwa na saini yako juu ya kikohozi cha mtu.

Kuna mambo nimeyaweka kwenye mpango kana kwamba tuna wiki nzima. Hatuna. Gazeti hili linafika mtaani asubuhi, saa ambazo mama yako anawasha moto wa chakula cha mchana, na kama cherehani ilimkataa Bosi leo, yuko mgongoni. Kwa hiyo yote niliyokuandikia yasubiri. Nenda jikoni sasa hivi, ng'oa blanketi dirishani, fungua mlango, mfungue mtoto mgongoni kwa bibi yake umtoe nje, kisha urudi umshike mama mkono umtoe na yeye. Atakuuliza kuna nini. Mwambie.